Chumba cha Simu, Tukuyu

Kilikuwa stoo ya chanjo.
Halmashauri ikakipa meza, simu moja, daftari la safu saba,
na Sekela wa zamu ya usiku, koti la mumewe mabegani.

Saa nane na dakika tano, inalia.
"Nipo Ngumbulu. Mke wa kaka. Damu."
Ngumbulu ipi, mwanangu?
"Ukivuka daraja la magogo, kuna mashine ya kusaga
iliyokufa."

Ramani ya ukutani haiijui mashine hiyo.
Sekela anaijua: alisagisha pale
kabla mkanda haujakatika.

Gari la wagonjwa liko gereji Mbeya, mwezi wa pili sasa.
Anampigia Anyosisye mwenye Noah,
ambaye jina lake limo ukurasa wa nyuma
pamoja na lita thelathini anazoidai wilaya.
"Deni nalijua. Washa gari."
Kimya.
Mvua juu ya bati, pande zote mbili za simu.
Kisha injini inakohoa, inakohoa, inashika.

Anaandika: saa nane na kumi na nne, limeondoka.
Safu ya saba, MATOKEO, anaiacha tupu.
Analaza kalamu katikati,
daftari lisijifunge.