Nane Nukta Tisa

Mashine inasema Nandule amekufa.
Potasiamu: nane nukta tisa.
Nachungulia dirishani. Nandule huyo,
mpakia magunia ya korosho,
amekaa benchi la nje, hapa Ligula,
anabandua ganda la muhogo wa kuchoma
na kumfokea kunguru anayemvizia.

Damu yake ilimtangulia.
Ilitolewa Kitangari alfajiri,
Twaha akaifunga nyuma ya pikipiki
ndani ya ndoo ya barafu, ile ya kuuzia samaki,
akidhani kuipoza ndiyo kuitunza.
Mwenyewe kaja na basi la saa nne.

Nanyanyua kichupa kwenye mwanga.
Juu plazma, njano ya maji ya bibo.
Chini seli, zimelala kwa wekundu wao.
Hakuna iliyopasuka.
Basi potasiamu imetokea mlango gani?

Kila seli ina bawabu asiyekaa kitako:
sodiamu tatu, tokeni;
potasiamu mbili, rudini ndani.
Tatu nje, mbili ndani,
usiku kucha, ujira wake sukari,
na maji pembeni yanatazama
chumvi imelala kwa nani,
ndipo nayo yaende.

Mama aliyajua haya bila darubini.
Somoe binti Chikawe, wa majaruba ya chumvi, Mikindani,
visigino vimepasuka kama udongo wa Oktoba.
Akisugua chumvi kwenye vipande vya papa
alikuwa akiniambia:
"Maji hayana kwao.
Yanaifuata chumvi kama mdai msimu wa korosho.
Mtazame papa anavyotoka jasho,
na ni maiti."

Nilipokuwa mwanafunzi nilimwona papa yule
chini ya lenzi, tone moja tu:
katika maji matupu seli ikavimba,
ikavimba,
ikawa duara,
ikawa haipo.
Katika maji ya chumvi kali ikajikunja
kama bibo lililosahauliwa juani.
Nikawaza, kumbe tumebeba jaruba ndani,
na kizuizi chake ni utando
usiofika hata unene wa aibu.

Baridi haimuui bawabu. Humlaza.
Na akilala, potasiamu hazivunji mlango,
zinatoka moja moja, kwa adabu,
kama wageni wa matanga wanaoaga kimyakimya;
sodiamu zinaingia bila hodi,
maji nyuma yao.
Ndiyo nane nukta tisa yenyewe.
Si moyo wa Nandule. Ni ndoo ya Twaha.

Namwita. Anakunja mkono wa shati.
"Mara ya pili? Mnaiuza?"
Namwambia ile ya kwanza ilipata baridi njiani.
Anacheka mpaka sindano inasubiri.
Kisha hachezi tena, ananiuliza polepole:
"Kwa hiyo nisingekuja mwenyewe,
mngemtibu nani?"

Sina jibu la kumpa.
Nakibeba kichupa ndani ya ngumi,
kikiwa bado na joto la mwenyewe,
hatua ishirini na nne hadi kwenye mashine.

Nne nukta mbili.

Ile ya kwanza sikuitupa.
Nimeiegemeza kwenye bakuli la maji ya vuguvugu,
dhidi ya kanuni, na kazi zimenijaa.
Huko ndani bawabu anaamka,
anapangusa macho, anaanza kuhesabu,
tatu nje, mbili ndani,
anawarudisha nyumbani walewale waliotoroka,
na hakuna mwili unaomsubiri.