Safu ya Maelezo

Barua ya kiwandani imefika Jumatatu,
bahasha ile ile nene, muhuri ule ule,
ila katalogi imekonda.
Mwaka juzi kurasa arobaini, mwaka jana ishirini na sita,
safari hii naikunja mara moja tu, najipepea nayo,
maana feni ya Bwana Kermali
inazunguka kama mtumishi asiyelipwa.

Macho yake hayasomi tena, kwa hiyo namsomea mimi,
Tunukiwa, karani wake wa miaka kumi na tisa:
"Tunasikitika kuwaarifu."
Ile ya risasi kumi na tano hawaitengenezi tena.
Ile fupi ya mfukoni wameiondoa.
Ya tatu wameipunguza tumbo, sasa inameza kumi,
wameitia kufuli ubavuni, wameibadilisha jina
kama binti aliyeolewa mara ya pili mtaa wa mbali.
Huko kwao kila jimbo lina sheria yake:
halali ng'ambo ile ya mto, jinai ng'ambo hii,
na kiwanda kimechoka
kumshonea mtu mmoja suti hamsini.

"Na sisi?" anauliza Kermali.

Nageuza karatasi. Nyuma ni nyeupe.

Sisi tuna kabati la chuma, Mtaa wa Mkwepu,
bastola sita ndani, na vumbi la kutosha sita nyingine.
Tuna wateja waliokuwa wakija
na leseni kwenye mfuko wa plastiki:
mwenye duka la kubadilisha fedha,
mwenye mashine za kusaga wa Mbagala,
mjane wa Upanga aliyeileta ya marehemu ikaguliwe,
akaishika kwa leso, kama panya.
Siku hizi fomu, alama za vidole, barua ya serikali ya mtaa,
njoo kesho, njoo kesho kutwa.
Wengi wamenunua mbwa.

Fundi Ngwilizi hakungoja barua.
Springi zilipoadimika alihamia Kariakoo,
anatengeneza cherehani.
"Mafuta ni yale yale," ananiambia,
"ila cherehani ikikwama
hakuna anayemshukuru Mungu."

Na rafu ya mbele, penye kioo,
Kermali amepanga makufuli, sefu ndogo, kamera za ukutani.
Anasema ndiyo biashara ijayo.
Hofu ni ile ile, anasema, imebadilisha kifungashio.

Alhamisi amekuja Afande Nyabisare kuhesabu.
Anasoma namba, najibu "ipo."
Anasoma, najibu "iliuzwa," natoa stakabadhi.
Anasoma, najibu "ilirejeshwa Kituo cha Kati," naonyesha mhuri.
Sauti zetu zimeingiana kama watu wawili wanaotwanga,
mpaka nne nne moja saba.

Nne nne moja saba ni ya risasi kumi na tano.
Aliinunua Bwana Shekalaghe, mwenye gereji,
ikaibwa Tabata usiku wa mvua, gari likiwa kwenye foleni,
kioo kimevunjwa kwa plagi ya pikipiki.
Miaka saba.
Safu ya maelezo niliiacha wazi
nikidhani nitaijaza kabla ya Idi.

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma,
lakini msumeno hukata kilicho mezani.
Kiwanda kimeifuta kwenye katalogi,
jimbo lao limeifuta madukani,
nchi yetu imeandika faini na miaka ya jela,
na yenyewe, pengine, imelala ndani ya debe la mchele
Buguruni, au Kigogo, au nyuma ya nyumba yangu,
haijui kwamba imepitwa na wakati,
haijui kwamba springi zake hazipatikani.
Haisomi.

"Niandike nini?" namuuliza Afande.
Anatazama saa, anatazama feni.
"Andika kama ilivyo."

Kermali anatuma mtoto akalete soda.
Nachovya kidole mate, nafungua ukurasa,
kalamu inagusa safu, inaacha nukta moja ya wino.
Chini yake zimebaki namba tatu.
Afande anasoma inayofuata.
Nasema, "Ipo."