Kutu

Jina tulilipata kwenye tangi la maji
nyuma ya ghala la pareto, upande wa viwandani.
Obonyo aliligonga kwa spana, likanguruma,
mkono wake ukatoka na rangi ya chai kavu hadi kiwikoni.
"Kutu," akasema, akajipangusa kwenye fulana.
Ikawa hivyo. Hatukupiga kura.

Tulikuwa watatu na nusu.
Yegon wa Kaptembwo, aliyefukuzwa kwaya
kwa kuwa na mchanga kooni;
Obonyo, fundi wa redieta, mguu wa kulia usio na subira;
mimi, Naliaka, na gitaa la besi lenye nyuzi tatu
(uzi wa nne nilikuwa nimeahidiwa tangu Pasaka).
Nusu ni Kabuga, wa kidato cha tatu,
aliyekuja Jumamosi tu, akishamaliza kufua.

Kikuza sauti kilikuwa redio ya marehemu baba.
Spika ilipasuka. Tukaibandika kwa gundi ya viatu,
ikapasuka tena, pembeni,
gitaa likatoka kama kinu cha posho
kinachozunguka bila mahindi.
Tungeweza kuitengeneza.
Tulitazamana.
Tukaiacha.

Mji huu unajua vumbi.
Hushuka saa nane mchana, likaingia kwenye chai,
kwenye kamba ya nguo, kwenye neno kabla halijasemwa.
Wengine hufunga madirisha.
Sisi tulilikabidhi gitaa.

Mara ya kwanza ilikuwa arusini, Njoro.
Bwana arusi alidhani sisi ni wapiga mugithi.
Tulimaliza wimbo mmoja, na wa pili hadi kiitikio,
shangazi mmoja akachomoa waya,
akatuletea sahani nne za pilau,
akasema kwa huruma kabisa:
Kuleni, wanangu. Mtapona.

Molo, shule ya wasichana,
mwalimu mkuu alituzimia jenereta.
Wasichana wakaendeleza mdundo kwa vikombe vya bati,
dakika sita, Kabuga alizihesabu kwa saa yake,
na Yegon akaimba bila maikrofoni, shingo mishipa tupu,
hata ukungu wa dirishani ukaanza kutiririka.
Sijawahi kusikia tena tukipendeza hivyo.
Nauli ya kurudi tulikopeshwa na mpishi.

Halafu Bondeni, Alhamisi moja ya ule mwaka wa mafuriko:
watu wanne barazani,
wawili wakisubiri mvua ipungue.
Mlinzi, Lokwawi, alisimama kando ya spika,
rungu kwapani, macho kayafumba,
koti lake likitetemeka kila nikigusa uzi mnene.
Tulipokuwa tukikunja nyaya akaniuliza:
Ule wa mwisho, mlimwimbia marehemu gani?
Hakuna aliyekufa, nikamwambia.
Akatikisa kichwa.
"Basi bado."

Hakufa mtu, Lokwawi, kama bado unangoja kujua.
Ghala liliuzwa.
Tangi walilikata kwa gesi asubuhi moja,
likalia kwa sauti ya Obonyo, kisha kwa sauti ya msumeno,
wakalipima kwa kilo.
Obonyo alikwenda akaomba kipande.
Akanunua, kwa kweli: walikataa kumpa bure.
Yegon yuko Doha, analinda mlango wa duka la marashi
ambako, anasema, hata viatu havina sauti.
Kabuga ni mhasibu. Hataki kuzungumzia.

Vijana wa mtaani siku hizi hunijia na maswali:
mlianzaje, nani aliwafunza, mlipanda jukwaani mara ngapi?
Kumi na saba, nawaambia.
Ukihesabu arusi, kumi na nane.
Wanacheka. Nacheka nao, naendelea kupanga nyanya.

Uzi wa nne niliununua mwezi uliopita,
duka la pili ukitoka sokoni.
Bado uko kwenye karatasi yake,
umejikunja kama mtu aliyelala
na asiyetaka kuulizwa saa.