Nafasi ya Mtu Mzima

Daftari langu la safari lina safu mbili:
kushoto, nilicholipa;
kulia, nilichokwepa kulipa.
Leo ni siku ya tatu Bergen. Kulia kumenona,
kushoto kumekonda kama mwenye daftari.

Mvua, kwa mfano. Haina kiingilio.
Inanyeshea nyumba za mbao za bandarini
zilizoegemeana kama walevi wanaosindikizana,
nami nazitazama bure, kofia imelowa,
hadi kundi la watalii linapita na kiongozi wao.
Naliandama, nikijifanya nimepotea njia,
naiba nusu ya historia:
moto ukaunguza, wakajenga, ukaunguza tena,
halafu
wakakata kona,
na mwisho wa habari ukaenda na waliolipa.

Sokoni kijana ananinyooshea kijiti
chenye kipande cha samaki wa moshi.
Naonja. Nazunguka, narudi, naonja.
Mara ya tatu nimevua kofia, nisijulikane.
"Mama," ananiambia, "hicho sasa ni chakula cha mchana."
Tunacheka. Ananipa cha nne.
Andika kulia.

Kanisani mpiga kinanda anajifua.
Tamasha ni Ijumaa, lina tiketi;
makosa ni leo, nayo ni bure.
Anarudia palepale, palepale,
kama mtu anayepapasa funguo gizani,
na anapoipata ile sauti
tunashusha pumzi pamoja, mimi na mfagizi.

Lakini dunia imepangiwa bei ya wawili.
Chumba ni cha wawili, nalala katikati.
Boti ya kutazama maporomoko: kuanzia wawili.
"Uko peke yako?" huuliza wa dirishani,
na swali lake lina gharama.
Kwetu husema kidole kimoja hakivunji chawa.
Hapa hata punguzo hakipati.

Jioni, chini ya mlima, penye treni ya kamba,
nilikuwa nakaza viatu nipande kwa miguu
mtu mwenye koti la manjano aliponigusa bega.
Torgeir. Shingoni amembeba Eivind, amesinzia;
mkononi Ingvild, jino la mbele halipo.
Ana tiketi ya familia: wakubwa wawili, wadogo wawili.
"Ndiyo iliyokuwa rahisi," akasema,
"na nafasi moja ya mtu mzima inapotea."
Hakusema aliiacha nani.
Sikuuliza. Yapo maswali yenye kiingilio.

Lango likatuhesabu: wanne.
Ndani, Ingvild akanitazama
kama mtu anavyokitazama kiti kigeni mezani kwao,
kisha akavua glavu moja iliyolowa
akanipa nimshikie, bila neno,
bila hata kunitazama tena,
kama jambo ambalo mkono umelizoea.

Kileleni, ukungu mtupu.
Waliolipa wakanung'unika na simu zao.
Torgeir akanyoosha kidole kwenye weupe:
pale shule, pale hospitali, pale kwetu.
"Hapana, kushoto kidogo," Ingvild akasahihisha, baba akatafsiri,
akasogeza kidole.
Hapo nikaiona: paa, dirisha, taa ya jikoni.

Wao walibaki juu, watoto wacheze.
Mimi nikashuka kwa miguu, magoti yakilalamika,
na chini ya taa ya barabarani nikafungua daftari.
Mlima. Nikaandika kulia, nikafuta.
Nikaandika kushoto, sifuri, nikafuta,
karatasi ikatoboka.
Nikatia mkono mfukoni kutafuta kalamu nyingine
nikakuta glavu.
Ndogo, ya bluu, bado inadondoka maji.

Treni ya kupanda ilikuwa inajaza.
"Uko peke yako?" akauliza wa dirishani.
"Ndiyo," nikasema. "Mtu mzima mmoja."
Nikahesabu krona zote alizotaka,
wala sikuuliza kama kuna punguzo.