Mpaka Umechipua

Pale Simiyu unapochoka kuwa mto
na kuanza kuwa ziwa, kimesimama kichaka:
fimbo nyekundu, jani jembamba
lenye tumbo jeupe kama la ningu.
Upepo ukipita, kichaka kizima hugeuka samaki.

Mama alikiita "cha kichwa" basi,
kwa kuwa gome lake alilitafuna
siku kichwa kilipomtwanga kama mchi.
Hutema, hukunja uso:
"Kichungu, ila kina utu."

Katekista Lutonja ndiye aliyetusomea
Jumapili moja habari za mierebi ya vijitoni.
Tukadhani ni miti ya Wayahudi,
ya mbali, yenye adabu zake.
Kumbe ndiyo tuliyokuwa tukiifungia mbuzi.

Kiangazi vikonyo vyake hupasuka
vikatoa pamba. Pamba ndogo, yenye haraka,
isiyojua mizani ya chama,
haina safi, haina fifi,
haikopi dawa, hailipwi kwa ahadi:
huvuka tu barabara ya Musoma
ikatua kwenye uji wa mtoto.

Mwaka ule ziwa lilipomeza choo cha shule
akaja mpima na utepe wake.
Mita sitini toka majini, akasema,
hapa ndipo mwisho wenu.
Saa sita vigingi vikamwishia.
Akatazama huku, akatazama kule,
akamtuma mdogo wangu Mayunga na panga:
"Kakate vya kichaka kile."

Mama alifungua mdomo.
Akaufunga.
Akaenda kusonga ugali.

Vigingi kumi na tisa, vingine kichwa chini,
vikagongwa topeni mbele ya mlango wetu,
kila kimoja na namba, na rangi utosini.
Kisha vuli ikanyesha
kama iliyoitwa.

Aliporudi na faili kwapani
mpima alikuta mpaka umechipua.
Namba tatu mbuzi wameila.
Namba saba imezaa pacha wake kando,
na juu ya kumi na mbili
chiriku keshafuma nyumba bila kibali.
Akahesabu, hesabu ikampotea, akaanza upya,
mkono kwenye paji la uso.

Mama akavunja kijiti cha mpaka,
akamenya gome kwa ukucha,
akampa.

"Tafuna, mwanangu.
Kichungu, ila kina utu."