Mistari Mia Moja Thelathini na Tisa

Gari lilinunuliwa dukani kama sukari,
bei imebandikwa kiooni:
Morisi ya kijivu, milango minne,
viti vinanukia upya hadi mama akapiga chafya.
Malipo kumi na moja yalikuwa bado
baba aliposoma, kwenye gazeti la kufungia nyama,
kwamba kisiwani yatashindana magari ya kawaida,
maili mia tano, asubuhi mpaka jioni,
na ni mwiko kuongeza chochote:
injini ile ile, breki zile zile,
hata tairi la akiba libaki kwenye buti
pamoja na jeki yake.

"Kumbe hata sisi," akasema.
Mama akajibu kukopa harusi, kulipa matanga,
kisha akaenda kutafuta sindano zake za kufuma.

Namba niliichora mimi, kwa chokaa ya raba za shule.
Ishirini na tisa. Tisa yangu iliinama kidogo.

Tulitoka Wonthaggi usiku, tukavuka daraja alfajiri:
baba, mjomba Clarrie wa kupokezana usukani,
mama na uzi wa kijani, mimi na chupa ya chai,
sote ndani ya gari lile lile la mashindano,
maana hatukuwa na jingine la kulibeba.
Majumba ya kukaushia chikori yalisimama kondeni
na upepo wa kusini, usiojua hodi,
ulituingia mikononi mwa makoti.

Nilitegemea ngurumo.
Magari arobaini na kitu yakaondoka
kama watu waliochelewa kanisani,
moja limesahau kuzima kiashiria cha kushoto.

Mama akaanza. Kila baba alipotupita
alifuma mstari mmoja wa skafu.
Watunza muda walikuwa na meza na makaratasi,
na makaratasi mengine upepo uliyapeleka baharini.
Mama alikalia debe la petroli. Hakupoteza hesabu.

Kufikia saa sita breki zilikuwa zinanuka.
Kisha lami ikaanza kumeguka
kama ganda la mkate uliolala,
na wanaume wenye sepetu wakawa wanakimbilia konani,
wanajaza shimo, wanatawanyika kama kuku.
Clarrie aliingia na kioo cha mbele mapajani.
Baba akavaa miwani ya kuchomelea, akaondoka.

Baada ya mstari wa tisini, hakupita.

Yalipita mengine, hata lile la kiashiria.
Sindano ilibaki ndani ya kitanzi.
Mama hakusema neno, wala hakusali,
ingawa miaka mingi baadaye alidai alisali.

Likaja. Nyasi kwenye bampa, mlango umebonyea,
waya wa uzio unaburuzwa nyuma.
Lilikuwa limelala ubavu, watazamaji wakalisimamisha.
Kanuni zilikataza. Hakuna aliyeona.
Mama akafuma, na kitanzi kimoja kikamponyoka.

Bendera ilishuka tukiwa na mia moja thelathini na tisa.
Walioshinda walikuwa na mia moja sitini na saba.
Gazeti la Jumatatu liliwataja watatu, likasema "na wengineo."

Tulirudi na taa moja, bila kioo,
skafu shingoni mwa baba, sindano bado zinaning'inia,
tukasimama gizani kupisha pengwini
waliotoka baharini, wakavuka kwa foleni,
bila hata mmoja kututazama.
Asubuhi baba alipeleka nyama za wateja
kwa gari lile lile. Tisa yangu bado ilisomeka.

Barabara ile haikupona. Mbio zilihamia mlimani, mbali,
na viwanda vikajifunza ujanja:
vikaunda magari ya mbio, vikayaweka dukani
ili yaitwe ya dukani.
Siwalaumu. Nao walisoma kanuni.

Malipo kumi na moja tuliyalipa, na kioo.
Skafu ninayo. Huihesabu mstari kwa mstari,
na nikifika tisini na moja
natia kidole tunduni,
nasubiri, kama alivyosubiri,
gari la deni.