Neno la Siri

Kijana wa kampuni alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.
Nikampenda kwa hilo, na kwa hilo hilo nikajihadhari.
Colby Amundson, soksi moja imetoboka kidole gumba,
akaweka kishikwambi chake mezani, juu ya makombo yangu ya mkate.
"Dola hamsini na nne kwa mwezi, mama.
Miezi thelathini na sita. Kuna mtu anaangalia usiku na mchana."

Nilipiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya gesi
kama alivyopiga Reino, ncha ya penseli ikilambwa kwanza:
elfu moja, mia tisa, arobaini na nne.
Na mwizi akija atakuta nini?
Televisheni yenye mstari wa kijani katikati,
chupa ya sarafu,
akodiani iliyokata pumzi kwenye noti mbili.
"Si mali," akasema Colby, "ni utulivu wa moyo."
Kumbe na huo nao hulipiwa kwa mwezi.

Hapa Duluth, mteremko huu wa kuelekea ziwani,
ufunguo wetu ulilala kwenye kopo la kahawa barazani
na kila mtu alijua, hata tarishi.
Halafu Novemba wakamwibia Clem Oja mashine ya kuondolea theluji,
Clem mwenye king'ora, mwenye kibandiko dirishani.
Hakikulia.
Nyayo zilitoka gereji, zikashuka barabara nzima,
theluji haijui kutunza siri,
zikaishia kwa mpwa wake,
aliyepewa namba ili amlishie paka.
Kikulacho ki nguoni mwako,
na siku hizi kina tarakimu zako nne.

Nikamsimulia Dale kwa simu. Yuko Phoenix, ambako baridi ni hadithi.
"Lipa tu, mama. Nitachangia nusu."
Nusu! Mwanangu ananunua nusu ya usingizi wake.

Siku thelathini za majaribio, bure.
Usiku wa kumi na tisa, saa tisa na robo,
tanuru lilipuliza pazia la sebuleni
na lile jicho la pembeni likaona mtu.
Yowe lake! Nikajikuta ukumbini na fagio,
miguu mitupu, miaka sabini na mmoja, tayari kwa vita.
Simu ikalia kabla moyo haujarudi mahali pake.
"Naitwa Roxanne, kituo cha uangalizi. Uko salama?"
Sijui alikuwa mji gani. Nyuma yake kijiko kiligonga kikombe.
"Niko salama."
"Neno lako la siri, tafadhali."

Nililichagua mwenyewe, mbele ya Colby, haraka, bila kufikiri:
jina nililomwitia Reino taa ikizimwa,
jina ambalo hata Dale halijui,
ambalo halijasikika ndani ya kuta hizi
tangu majira mawili ya baridi.
"Mama? Bila neno itabidi niwaite polisi."

Nikalitamka.
Akalirudia, akalikosea kidogo, irabu ndefu akaikata.
"Asante. Lala salama."

Sikulala.
Asubuhi nikasoma herufi ndogo, ukurasa wa kumi na moja:
kengele ya uongo ikifika ya tatu, mji hutoza faini.
Hilo Colby alilimeza.

Leo Jumatano. Mkataba uko chini ya sahani ya siagi.
Ijumaa atarudi, ama na kalamu
ama na bisibisi ya kung'olea jicho lake ukutani.
Sababu za kukataa ninazo, zimejaa upande mmoja wa bahasha.
Ya kukubali ni moja, na sijaiandika.

Upepo umegeuka, unatoka ziwani. Tanuru linanguruma.
Pazia ningeweza kulifunga kwa utepe.
Utepe upo, droo ya pili, chini ya mishumaa.
Nimekaa kitini,
nalitazama likianza kujaa hewa.